Kisanduku cha Nne

Mahakama ya Halifax ina joto la mabomba.
Nje theluji ya Februari imegeuka tope la kijivu,
nami nimepakata koti langu
kama mtoto wa watu niliyeachiwa.

Wakili wa Daktari Whidden anainua karatasi.
"Bi Muise, hii ni sahihi yako?"
Ni yangu. Ile M yenye mkia mrefu
ni yangu tangu darasa la tatu.
"Na alama hii, kisanduku cha nne? Tusomee."
Nasoma: "Muuguzi alikuwepo wakati wote wa uchunguzi."

Wote.
Silabi mbili,
na juu yake mtu mzima amejenga kesi.

Daktari ndiye aliyeshtaki.
Baraza lilimsimamisha miezi sita,
naye anataka uamuzi ufutwe,
jina lisuguliwe mpaka ling'are.
Amevaa tai ile tuliyomchangia
alipotimiza miaka ishirini kazini.
Simchukii. Usiku mmoja aliendesha gari juu ya barafu
kuja kumfumba mama yangu macho.
Lingekuwepo swali la hilo kwenye fomu,
ningelijaza kwa wino mzito.

Safu ya pili ameketi Odette Surette,
mikono imechunika kwa chumvi ya kiwanda cha samaki.
Alikuja na bega. Bega tu, la kushoto,
lililogoma kuinua kreti za heringi.
Baraza lilimuuliza mengi, akajibu mara moja:
"Bega langu halikai huko alikopeleka mikono."
Wakili anaita hayo kutoelewa uchunguzi kamili.
Labda. Maumivu ya bega huweza kuanzia kwenye nyongo,
nimeyasoma hayo, naweza hata kuyachora.
Lakini mtu huambiwa: sasa nagusa hapa, kwa sababu hii.
Hodi hupigwa hata kwenye mlango wa kitambaa.

Na mimi nilikuwa wapi?
Simu ililia. Maabara ya Yarmouth, damu ya mtu mwingine.
Nikavuta pazia, nikatoka,
nikatafuta faili, nikakuta chai yangu imepoa, nikainywa.
Dakika kumi na moja, kumbukumbu ya simu inasema.
Niliporudi bomba la maji lilikuwa wazi,
daktari ananawa,
Odette anafunga vifungo vya sweta
na kimoja amekiruka,
upande wa shingo umepanda kuliko mwenzake.
Nikamrekebishia kola. Nikasema kitu kuhusu baridi.
Hakunitazama.
Jioni nikajaza fomu za siku nzima,
thelathini na mbili, tiki, tiki, tiki,
kama mtu anayechambua mchele gizani.

Sikuona. Siwezi kusema alifanya.
Siwezi kusema hakufanya.
Nilicho nacho ni kidogo, kinaenea kiganjani:
"Mheshimiwa, niliweka alama. Sikuwepo."

Mpiga chapa anasimamisha vidole.
Wakili anageuza karatasi
kana kwamba mgongoni mwake yupo Muise mwingine,
yule aliyekuwepo.
"Kwa hiyo ulidanganya?"
Nilidanganya, bwana, kama tudanganyavyo sote
tukiulizwa habari tukajibu nzuri.
Hilo sikulisema. Nilisema, "Ndiyo."
Daktari alikuwa anatazama tai yake.

Jaji atasoma hukumu baada ya Pasaka.

Ukumbini, karibu na mashine ya kahawa,
Odette anavaa koti.
Mkono wa kulia umeingia,
wa kushoto unatafuta tundu, unapanda, unakwama,
unashuka.
Miaka miwili ya mawakili, mafaili, viapo,
na bega bado linauma. Hakuna aliyelitibu.

Nikasogea, mikono yangu ikiwa tayari imenyooka,
mikono ya kazi, isiyojua kusubiri.
Nikairudisha.
"Nikushikie?" nikauliza.

Alinyamaza.
Nikangoja.